Volga Ilipita Mtaa Wetu

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu Saidi, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, Zaituni anayemfuata, mwenye mdomo usiolala, Kibibi, kitinda mimba wetu, aliyekuwa bado na meno yake yote ya utoto, Mama Asha wa mandazi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliyetoka Rumonge kuja kuwachukua wadogo zangu, na Injeniyeri. Nawataja wote kwa sababu baadaye nusu ya Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, ilidai kuwa ilikuwepo. Haikuwepo. Mji ulikuwa umefungwa, maduka kimya, kila mtu ndani kwake na komeo lake. Ni sisi tu tuliokuwa tunatembea Urusi.

Lakini siku ile itangoja kidogo. Kwanza niseme Injeniyeri alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa na koti. Koti la sufu nyeusi, refu kupita magoti, zito kama gunia lililolowa. Bujumbura haina baridi ya koti hilo. Hata asubuhi za Juni, upepo unapotoka ziwani, shati la mikono mirefu linatosha. Yeye alilitoa nje kila kiangazi, akalitundika kwenye kamba, akalipiga kwa fimbo, akaligeuza, akalinusa. Wapita njia hawakukosa neno.

"Injeniyeri, theluji inaanguka lini?"

"Kesho kutwa," alijibu bila kugeuka. "We tafuta viatu."

Jina hilo mtaa ulimpa, na haukumpa bure. Ujanani alipelekwa Urusi kusomea mitambo ya meli, katika mji wa Volgograd uliojipanga kandokando ya mto Volga. Wakati wa vita vikuu vya pili vya dunia mji ule ulikuwa na jina lingine, na ulipiganiwa nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, mpaka ukabaki vifusi. Yeye alipofika ulikuwa umeshajengwa upya: miti, tramu, bustani, wazee wenye medali kifuani wakicheza dama. Siku za mapumziko aliwatembeza wanafunzi wageni waliotoka Afrika, kwa kuwa hakuwa na hela ya starehe nyingine, na miguu haina kiingilio. Ndivyo alivyoujua mji.

"Mji ni miguu," alipenda kusema. "Mutu akikuambia anaujua mji, angalia viatu vyake. Vikiwa vipya, muache."

Mitambo ya meli aliijua, na alifanya kazi bandarini kwetu miaka mingi, lakini sikuwahi kumwona akisafiri na meli hata moja. Alizitengeneza zikiwa zimefungwa, akashuka. "Maji ni ya kuangalia," alisema. Alihubiri habari ya saa kuliko imamu anavyohubiri habari ya swala, na yeye mwenyewe alichelewa kila mahali: mazishini, harusini, hata kwenye futari, jambo ambalo Mama Asha alisema hajaliona kwa Mwislamu mwingine yeyote mwenye njaa. Chai aliinywa nyeusi, bila sukari ndani. Sukari guru aliiweka kati ya meno, chai ikapita juu yake.

"Meno yatakutoka," Mama Asha alimwonya.

"Yakitoka, nafasi ya sukari itaongezeka."

Na huyu mtu wa mji wa vita hakutaka habari za vita. Vijana waliokuja kumuuliza kule walikufa wangapi, aliwajibu, "Niulize wanaishi wangapi sasa." Siku moja Saidi aliokota fimbo akaishika kama bunduki, akamlenga kuku. Injeniyeri hakumgombeza. Aliichukua ile fimbo, akaenda kulipiga koti lake vumbi, kisha akamrudishia. "Imeshapata kazi," akasema. "Ukiihitaji, inapiga makoti."

Kulikuwa pia na jambo la maua. Bugenvilia iliyopanda ukuta wa msikiti mdogo ilikuwa ikimwaga maua njiani, naye akipita alikata vikonyo akampelekea Mama Asha. Lakini aliyahesabu kwanza. Likiwa moja, sawa. Yakiwa matatu, sawa. Mawili hakumpa mtu kamwe. Aliongeza moja au alitupa moja.

"Leo ni mangapi?" Mama Asha aliuliza huku akigeuza mandazi.

"Matatu. Bado uko hai."

"Alhamdulillahi. Ningejua maua ndiyo yanayoniweka duniani, nisingekula dawa."

Sisi tulidhani ni moja tu ya mambo yake. Tulikuja kujua sababu siku ile ya Baba mdogo.

Wazazi wetu walifariki kwenye njia ya Rumonge, ndani ya basi dogo lililoshambuliwa wakirudi na madumu yao ya mawese. Sitaandika zaidi ya hapo. Hii si habari yao. Mimi niliacha shule, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwa darasani na jikoni. Miezi ile mji ulikuwa ukifungwa mara kwa mara. Kwa Kifaransa watu waliita ville morte, mji mfu: siku ambayo hakuna gari, hakuna soko, na anayetoka anarushiwa mawe au kibaya zaidi. Watoto walishinda ndani wakisikiliza. Hakuna kinachochosha mtoto kama kusikiliza.

Siku ya kwanza ya namna hiyo baada ya msiba, Injeniyeri aliingia kwetu kwa mlango wa uani.

"Nani anataka kwenda kutembea?"

"Kutembea wapi?" Zaituni akauliza. "Mji si umefungwa?"

"Huu umefungwa. Ule mwingine uko wazi."

Akatukalisha. Hilo lilikuwa la kwanza daima: kabla ya safari, ya mbali au ya karibu, wote wanakaa chini, wananyamaza kidogo, ndipo wanainuka. Alisema Warusi hawatoki nyumbani bila kukaa kwanza. "Mutu anakaa ili akumbuke kile alichosahau," alieleza. "Ukikimbia, unakikumbuka ukiwa umeshafika, na huko hakina faida."

Kisha tukatembea Volgograd. Yeyote aliyeishi Buyenzi anajua jinsi nyumba zetu zinavyoshikana, ua huu unafunguka kwa ule, na mtu anaweza kwenda mbali bila kukanyaga barabara. Tulipita uani kwa watu, tukibisha hodi. Wenyewe walizoea. "Watalii hao," walisema, wakatusogezea mabeseni.

Stesheni ya treni ilikuwa mlango wetu. Kutoka hapo tulipanda ngazi ndefu ya kwenda kwenye kilima, ambayo ilikuwa vidato vya saruji vya kibaraza cha Mama Asha. Juu ya kilima cha Volgograd imesimama sanamu ya mama mkubwa kuliko msikiti wowote niliowahi kuuona, ameinua upanga, kinywa wazi, anawaita watoto wake. Kwetu alikuwa Mama Asha juu ya karai la mafuta, mwiko hewani.

"Mbele yenu ni Mama," Injeniyeri alitangaza. "Mukimwangalia mwinamishe vichwa."

"Mukimwangalia muje na hela ya mandazi," sanamu ikajibu.

Na barabara kubwa, ile iliyopita mbele ya mlango wa mwisho, ilikuwa Volga. Tulifika ukingoni, tukachungulia kwenye nafasi kati ya mbao. Mara nyingi haikuwa na kitu, mbwa mmoja tu anavuka bila haraka. Kuvuka haikuruhusiwa.

"Mpaka lini?" Kibibi aliuliza.

"Mpaka igande. Volga wakati wa baridi inakuwa ngumu kama sakafu. Watu wanavuka kwa miguu, na mikokoteni."

"Injeniyeri," Zaituni akasema, "Mungu anakuona."

Hakubishana. Siku soko lilipofunguliwa alirudi na bonge la barafu la wauza samaki, limefungwa gunia, akaliweka katikati ya ua, akamsimamisha Saidi juu yake pekupeku. Saidi alipiga kelele, lakini hakuzama. "Muko mashahidi," Injeniyeri akasema. "Kaka yenu amesimama juu ya Volga." Tangu hapo, mji ulipotulia, alipita asubuhi akigonga milango na kuita, "Imeganda! Imeganda! Vukeni!" Nasi tulikwenda sokoni. Mpaka leo wadogo zangu wakiona mahali pana usalama, wanasema pameganda.

Kituo cha mwisho kilikuwa kinu. Volgograd, karibu na mto, kuna kinu cha unga cha matofali mekundu kilichopigwa mabomu. Hawakukitengeneza na hawakukibomoa. Kimesimama na matundu yake hadi leo. Kwetu kilikuwa chumba cha mashine ya kusaga, uani kwa jirani mmoja, kilichoungua zamani kwa hitilafu ya umeme, paa likaanguka. Lakini Injeniyeri hakutuacha hapo. Alikuwa na sheria ya watembezaji, na sijasikia nyingine iliyo bora kuliko hiyo: usimwonyeshe mgeni kilichovunjika bila kumwonyesha kilichoota kando yake. Kando ya chumba kile kulikuwa na mpapai. Kila safari ilimalizika kwenye mpapai, tukitazama kama umezaa.

Sasa siku ile.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, nataka lieleweke. Alikuja kwa sababu ukoo ulikuwa umekaa na kugawa, kama ukoo unavyogawa. Saidi aende naye Rumonge kwenye biashara ya dagaa. Kibibi apelekwe Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kwa shangazi. Kwa Zaituni kulikuwa na familia Kinindo iliyotaka msichana wa kazi. Mimi ningetafutiwa mume. Yote hayo aliyasema jioni alipofika, akila, bila ukali, kama mtu anayesoma orodha ya mizigo. Sikulala. Nilijua mambo ya kugawana: mtoto anayekwenda Uvira kwa mwezi mmoja anarudi akiwa mgeni, na wakati ule kulikuwa na njia zisizorudisha kabisa.

Asubuhi mji ukafungwa. Baba mdogo alikwama kwetu, anazunguka uani kama simba aliyefungiwa, mpaka Injeniyeri alipoingia na koti begani.

"Karibu mgeni. Umefungiwa?"

"Nimefungiwa. Gari hakuna."

"Basi twende tukatembee Volgograd. Vaa hili. Kule ni baridi."

Baba mdogo alinigeukia. "Huyu mzee ana homa?"

"Apana, Baba mudogo," Zaituni akadakia. "Yuko hivyo hivyo kila siku."

Sijui kwa nini alilivaa. Labda kwa uchovu, labda kwa heshima ya umri. Tulikaa, tukanyamaza, tukainuka. Mfanyabiashara wa dagaa wa Rumonge akapita nyumba za watu kwenye jua la saa nne akiwa ndani ya koti la Urusi, jasho likimchuruzika hadi kidevuni, na wanawake wakifunika vinywa kwa khanga. Alipanda vidato. Mama Asha akainua mwiko.

"Huyu nani mumemfunga blanketi?"

"Mgeni," Injeniyeri akasema.

"Basi mpeni maji kabla hajaiva."

Baba mdogo alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi. Alichungulia Volga, akaambiwa haijaganda. Tulipofika kwenye kinu alikuwa ameshalegea, akaegemea ukuta ulioungua, akapapasa mkono wa koti.

"Hii nguo ni nzuri. Ilikuwa ya nani?"

Hapo Injeniyeri alitueleza kile ambacho sisi, pamoja na safari zetu zote, hatukuwahi kukisikia.

Kule Volgograd, kwenye jumba la makumbusho, kulikuwa na mwanamke wa kupokea makoti mlangoni. Injeniyeri alifika baridi yake ya kwanza na kijikoti cha Bujumbura. Yule mama akamwangalia, akaingia ndani, akatoka na koti ambalo mwenye nalo alilisahau miaka mingi iliyopita na hakurudi. Akamvisha. Kesho yake Injeniyeri akaenda kumshukuru na maua manne, mazuri, aliyoyanunua kwa hela ya chakula. Mama akayaangalia, akayahesabu. Kule, maua ya mtu aliye hai hayawi jozi. Jozi ni ya makaburini.

"Nilifikiri atanifukuza," Injeniyeri alisema. "Alivaa kitambaa chake, akanishika mkono, tukaenda mtoni, akayatupa majini mawili mawili. Akaniambia, 'Ulikosea, lakini yamefika.' Alikuwa mkubwa wa nyumba. Vita vilipoisha walikuwa watatu ndani ya shimo, bila wazazi. Watu wema wakaja wakawagawa, huyu kituo hiki, yule kituo kile, ili wote wapate kula. Walikuwa watu wema kweli. Yeye akawaambia wadogo zake, nitawafuata. Aliwatafuta mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakumwona hata mmoja."

Hakumwangalia Baba mdogo, wala mimi. Alitupeleka kwenye mpapai, akatuonyesha kwamba umetoa maua, na Baba mdogo akautazama mpapai ule muda mrefu kuliko mpapai unavyostahili. Kisha akavua koti. Jioni aliniambia nifunge vifurushi, na mimi sikujua kama ile habari imemgusa.

Asubuhi magari yalitembea. Nilikuwa nimefunga vifurushi usiku ule, kwa sababu niliambiwa nifunge. Saidi alikuwa na chake kichwani, ameng'ata meno. Kibibi alikuwa ameshikwa mkono na Baba mdogo. Nilitazama mlango wa uani. Mtu wa saa alikuwa amechelewa, na siku hiyo sikuona kichekesho.

Walikuwa wamefika kizingitini alipochomoka kutoka kwa Mama Asha, kandambili mkononi, anahema.

"Hamjakaa!"

"Mzee, gari litaniacha," Baba mdogo akasema.

"Likuache. Hakuna anayetoka bila kukaa."

Tukakaa. Baba mdogo kwenye kigoda, Kibibi mapajani mwake kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine, Saidi juu ya kifurushi chake, Zaituni na mimi kwenye mkeka. Mama Asha alikuja akasimama mlangoni, akaona, naye akakaa palepale kwenye saruji. Kimya. Nje kondakta alikuwa akiita Rumonge, Rumonge. Injeniyeri alikuwa amefumba macho. Kimya kikazidi kile tulichozoea, kondakta akaita tena, kisha sauti yake ikaenda mbali.

"Nimesahau kitu," Baba mdogo akasema.

"Koti?" Kibibi akauliza.

"Apana. Sijamuuliza mukubwa wenu." Akanigeukia. "We, mwanangu. We unataka nini?"

Tangu msiba nilikuwa nimeambiwa mengi. Hilo sikuwa nimeulizwa.

"Mi nataka tulale nyumba moja," nikasema.

"Mutakula nini?"

"Ana mikono," Mama Asha alijibu kabla yangu. "Kesho alfajiri anaanza kukanda unga kwangu. Na huyu mwenye mdomo atauza, maana kelele anazo."

Baba mdogo alimshusha Kibibi, akampangusa vumbi lisilokuwepo, akaenda zake peke yake. Hakuwa mtu wa maneno. Lakini kila njia ilipofunguka, dereva wa Rumonge alituletea kifurushi cha dagaa, na hakikukatika mpaka Saidi alipoanza kujitegemea. Saidi leo ni fundi wa magari hapahapa Buyenzi. Zaituni ana duka na mume mpole, kama ilivyohitajika. Kibibi anasoma, na anasoma kwa ajili yetu wote. Tulilala nyumba moja. Paa lilivuja, tukasogeza mikeka, tukalala.

Injeniyeri alihamia Kinama kwa binti yake macho yalipoanza kuingia ukungu. Mara ya mwisho nilipokwenda kumtembelea, bunduki zilikuwa zimenyamaza na watu wameanza kuzoea kimya hicho. Nilimpelekea mandazi na kikonyo kimoja cha bugenvilia. Alikipapasa kwa vidole.

"Moja," akasema. "Vizuri. Nipeleke kutembea."

Tulikaa kwanza. Kisha nikamshika mkono, na safari hii mtembezaji nikawa mimi. Sikuijua Kinama vizuri, lakini nilifuata sheria: nikimwambia hapa pana nyumba isiyo na paa, nilimwambia na wanawake wanaofyatua matofali kando yake. Tulipofika barabara kubwa alisimama. Alisikiliza, kichwa upande mmoja.

"Imeganda?"

Nilitazama kulia na kushoto. Baiskeli zilipita na mikungu ya ndizi, watoto wa shule na sare zao za kaki, mbuzi mmoja mkaidi.

"Imeganda, Injeniyeri."

Tukavuka. Ng'ambo alicheka peke yake, akagonga ardhi kwa fimbo kama anayeipima. Ndipo akaniambia kwamba kila mwaka aliokaa kule, siku ya kwanza ya maua kuchanua, alipeleka mawili mtoni kwa wadogo wa yule mama. Alipoaga, mama alimwomba jambo moja: siku akirudi, alete mawili ya kutoka kwao, ili wale watoto wajue kuna nchi ya joto. Alikubali. Akaja nyumbani, maisha yakamshika, vita vikaja, macho yakaondoka.

"Mi sitafika," alisema. "Lakini we ni mukubwa wa nyumba. Wakubwa wanafikishiana."

Nilikubali kama yeye alivyokubali, nimesimama, bila kujua nauli itatoka wapi wala njia inapitia wapi. Tuliporudi alimwambia binti yake anitolee koti.

Hakuuona kiangazi kilichofuata. Koti liko kwangu. Kila Juni nalitundika nje, nalipiga kwa fimbo, na watu wa Buyenzi wananiuliza theluji inaanguka lini. Nawajibu kesho kutwa. Bugenvilia ya msikiti bado inamwaga maua. Kule Volgograd, kwenye ukingo karibu na kinu, watoto wawili wanadai maua mawili, na mimi bado sijaondoka. Nimekaa tu.